Hakimu Aliyetukatalia

Kambi ya Nyarugusu, Kasulu
12 Januari 2025

Kwa Mama Immakulata, Mabamba,

Muko aje, maman? Muko wazima, wewe na papa Bazilio? Mimi niko muzima kwa neema ya Mungu. Barua hii anakuletea Shamsia, ule mama wa dagaa anayezunguka masoko ya Kasulu na Kibondo. Ni yeye aliniambia jina lako lote, na kwamba mpaka leo unauza mihogo pale barabarani. Simu sina, na simu ya jirani inasikilizwa na kambi nzima.

Jina yangu ni Jeannette. Labda umenisahau, lakini mimi siwezi kukusahau. Mwezi wa tatu, mwaka 2018, nilivuka mupaka kutoka Burundi na mutoto mugongoni, tukikimbia vita ya kwetu Congo. Nilikuwa naharisha na kutapika, mpaka nikaanguka karibu na biashara yako. Gari ya wagonjwa ilipokuya, dokta alisema ni kipindupindu, mutoto hawezi kupanda na mimi, nikimubeba atakufa. Watu wote walisimama mbali. Wewe njo uliacha mihogo yako ukakuya, ukanyoosha mikono. Hukuniuliza kabila, hukuniuliza karatasi. Ulisema tu, "Mlete."

Alikuwa na miezi saba. Jina lake ni Nadège.

Nilipopona waliniandikisha hapa Nyarugusu. Nilikuwa nataka kuya kumuchukua, kisha watu wakaniambia mume wangu Adolphe angali muzima, wamemuona Uvira. Nikasema niende mwezi moja, nimulete, tukuye kwako wote wawili. Vita ikafunga njia nyuma yangu. Adolphe nilikuta kaburi yake. Kurudi ikawa mwaka juu ya mwaka. Sasa niko tena hapa ku kambi, nauza mandazi.

Maman, sikuandikii juu ya kudai. Nakuandikia juu ya kushukuru. Wanasema mutoto ni mukubwa, ana afya, anasoma. Kila mara nikisikia hivyo nakosa mahali pa kuweka furaha. Naomba tu siku moja nimuone.

Merci mingi sana.

Jeannette, mama wa Nadège


Mabamba, Kibondo
26 Januari 2025

Dada Jeannette,

Amahoro. Barua yako nimeipata mkononi mwa Shamsia. Imana ashukuriwe kwamba u hai, maana sisi huku tulisikia mengine.

Mtoto hajambo. Tunamwita Akimana. Jina lake hatukulijua, ulipakiwa garini kabla hujalitaja, na mume wangu alisema basi awe wa Mungu mpaka mwenyewe atakapopatikana. Yuko darasa la pili. Anaandika kwa mkono wa kushoto na mwalimu amechoka kumgeuza. Maharage hataki kuyaona, na kwetu hapa bila maharage hakuna chakula.

Ila kwa sasa ana tetekuwanga, na mvua zimekata barabara. Usihangaike kuja. Wakati ukiwa mzuri nitakuandikia mimi.

Salamu kutoka kwa Bazilio.

Mama Akimana


Kambi ya Nyarugusu
16 Februari 2025

Maman yangu Immakulata,

Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Mukono wa kushoto ni wa Adolphe. Hata yeye walimupiga ku shule, na hakugeuka. Niliposoma pale nilicheka peke yangu mbele ya karai la mandazi, wateja wakadhani nimeshikwa na kitu.

Namutumia gauni. Nimeshona kwa kukisia, kama ni kubwa atakua ndani yake.

Nimeanza kuomba kibali cha kutoka kambi wakati wa Pasaka. Ukiniambia tarehe, nitakuya siku moja tu na kurudi. Na swali moja, maman, usikasirike. Anajua juu yangu? Umemwambia nini?

Nakushukuru kila siku.

Jeannette


Kambi ya Nyarugusu
20 Machi 2025

Kwa Bi Immakulata Ndayikunda,

Barua yangu ya mwezi wa pili hukuijibu. Nilidhani mutoto amezidiwa, nikawa namuombea kanisani. Kisha Jumatatu jina langu likatangazwa kwa kipaza sauti nifike ofisi ya kambi. Watu walinitazama kama mwizi. Nikapewa hati ya wito. Nimeisoma mara mingi nikitafuta kama ni mutu mwingine mwenye jina lako.

Wewe ndiye mwombaji. Mimi ndiye mjibu maombi. Unaomba mahakama itamke kwamba mutoto ni wako. Tarehe 27, saa tatu asubuhi.

Kibali cha dharura nimeomba. Wamesema kinachukua majuma mawili. Mahakama ni juma lijalo. Kwa hiyo hakimu atakusikiliza wewe peke yako, na labda wewe ulijua hivyo.

Niliandika kwamba sidai. Kama hukuniamini, ungeniambia kwa kalamu ile ile uliyoniandikia habari ya maharage.

Shukrani yangu siirudishi. Ile ulifanya barabarani ulifanya, na hakuna mahakama inaweza kuifuta. Lakini sijui tena nikuite nani.

Jeannette


Mabamba
30 Machi 2025

Mama Nadège,

Amahoro. Naandika jina hilo kwa mara ya kwanza.

Ni kweli, nilikushitaki, na sikukuambia. Barua yako ya gauni ilikuwa na swali: nimemwambia nini mtoto. Nitakujibu humu humu, lakini acha kwanza nikueleze ya mahakamani, maana ndiyo yaliyonifungua mdomo.

Nilikwenda mjini kwa mtu mmoja anayewaandikia watu hati. Akaniambia jambo lenyewe ni dogo: nifungue shauri mahakama ya mwanzo, mama wa mtoto ni mkimbizi, kibali hatakipata kwa wakati, hakimu atasikiliza upande mmoja na mimi nitatoka na karatasi siku hiyo hiyo. Bazilio alikataa. Alisema mtoto huyu ana mama, na huyo mama ana mdomo wake. Nikaenda bila yeye.

Alhamisi nilivaa kitenge cha kanisani. Nilibeba kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, madaftari ya shule na picha zote tulizo nazo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja kuwa shahidi wangu. Tulipoitwa ndani nilitazama mlangoni mara tatu, sikukuona, na Imana anisamehe, nilifurahi.

Hakimu ni mwanamke, umri kama wako au kukupita kidogo. Alisoma jalada kimya mpaka mwisho. Akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasema hakuja. Akauliza kama najua kwa nini hakuja. Nikaanza kupanga picha mezani. Akauliza ninachotaka hasa ni nini. Nikasema nataka mahakama iniandikie kwamba mtoto ni wangu. Akavua miwani, akaiweka juu ya jalada.

"Mama, mimi sina mamlaka hayo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu amekaa kwenye kiti cha juu, nyuma yake kuna nembo ya taifa, mlangoni kuna askari, halafu anasema hana mamlaka. Kisha nikadhani nimeelewa: ni jina langu. Sisi wenye majina haya tumezoea kuulizwa tumetoka wapi. Mama yangu alinivusha mto Malagarasi kutoka Burundi mwaka sabini na mbili nikiwa mgongoni mwake, uraia nimeupata ukubwani, na cheti chake natembea nacho kila niendako ofisi yoyote. Nikakitoa nikakiweka mbele yake. Alikitazama, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema uraia wangu hauna kasoro hata moja, na hata waziri angekuja na ombi kama langu angejibiwa hivyo hivyo.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kwamba kila mahakama imepimiwa kazi yake na sheria, na yake ni ya mwanzo. Mtu akitaka kuasili mtoto wa mwingine, yaani kumfanya wake kisheria, huenda Mahakama Kuu. Watu wakivutana mtoto akae na nani, husikilizwa na mahakama ya watoto, na huko hawaamui mpaka afisa wa ustawi wa jamii alete taarifa, mpaka mama asikilizwe, mpaka na mtoto mwenyewe asikilizwe. Nikamwomba aniandikie tu, mama wa mtoto yuko mbali, nani atajua. Karani akainamisha kichwa kwa aibu yangu. Hakimu hakukasirika. Maneno aliyosema nayakumbuka yote.

"Nikikuandikia leo, itakuwa karatasi tu. Siku yoyote itapelekwa juu na itafutwa kama vile haikuwahi kuandikwa, na mtoto atakuwa ameshaishi juu yake miaka. Sijasema si wako. Sijasema ni wako. Nasema mimi siye wa kusema."

Akaliondoa shauri. Halafu akachukua kipande cha karatasi, akaniandikia ofisi ya kuanzia, akanipa. Nje mwenyekiti aliniuliza kama tumeshinda au tumeshindwa. Nikamwonyesha kile kipande cha karatasi.

Nilirudi kwa bodaboda nikiwa na hasira. Kabla ya kufika nyumbani nilimwambia dereva anishushe, nikakaa kando ya barabara na madaftari ya mtoto mapajani. Nikaona nilichokuwa nimekwenda kufanya. Nilikwenda kuiba nikiwa nimevaa nguo ya kanisani, na mtu niliyemtegemea anisaidie kuiba akasema hana uwezo huo. Kama angekuwa na kiburi kidogo tu, au huruma ya ovyo kidogo tu, ningerudi na karatasi, na wewe ungesikia habari zake ukiwa foleni ya unga.

Sasa swali lako. Nilimwambia umekufa.

Mwaka wa 2019 nilimtuma mtu kambini akuulizie. Akarudi akasema uliondoka, labda umekufa huko kwenu. Alisema labda. Mtoto alipoanza kuuliza, mimi ile labda niliitoa. Nilisema umekufa, basi. Nilikuwa nimezaa watoto wawili wa kiume, wameoa, wako mbali, na huyu ndiye aliyekuwa ananisubiri kila nikirudi shambani. Sijitetei. Nakueleza tu.

Ofisi ile nitakwenda, lakini sitaki kwenda tena kwa siri. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Immakulata


Kambi ya Nyarugusu
13 Aprili 2025

Mama Immakulata,

Nilisoma pale ulisema nimekufa, nikatupa barua chini. Siku ine sikuigusa. Umenizika, maman, na mutoto wangu akaniombea kama marehemu. Mimi nilikuwa nauza mandazi.

Nilikuwa nataka kukuandikia maneno makali. Nilishayapanga yote. Kisha nikaona sina ruhusa ya kuyatuma, juu na mimi kuna kitu nilikuficha.

Sikurudi ku kambi juzi. Nilirudi mwezi wa nane, mwaka 2022. Ni karibu miaka mitatu. Na mwezi wa kumi, mwaka 2023, nilipata kibali cha siku tatu kwenda kupimwa hospitali ya Kibondo. Nilipomaliza kupimwa nilipanda gari mpaka Mabamba.

Ilikuwa siku ya soko. Ulikuwa umekaa na beseni yako, naye amekaa chini katikati ya magoti yako, unamusuka. Alisema, "Mama, unaniumiza," nawe ukacheka ukapunguza kuvuta. Nilikuwa karibu sana, kama kutoka hapa mpaka mulangoni. Nikafungua mdomo kusema mimi ni nani. Nikauliza bei ya mihogo. Ulinifungia mafungu mawili, ukaniongeza moja ya bure, ukasema nimekonda nikale nishibe. Hukunitambua. Yeye alinitazama kidogo akarudi kuchezea kamba yake. Nilirudi kambi na mihogo yako, nikaipika, nikaila.

Nilijiambia mutoto ana mama, mimi nakwenda kufanya nini pale. Lakini si wema peke yake. Niliogopa ataniuliza nilikuwa wapi, na jibu ni kwamba nilimufuata mwanaume kwanza. Kwa hiyo uliposema nimekufa, maman, mimi nilikuwa nimekutangulia.

Njo maana namushukuru ule hakimu kuliko wewe. Kama angekuandikia karatasi yako, mimi ningeikubali. Ningesema sawa, serikali imeamua, nisiandike tena. Ningeshukuru hata, juu ingeniondolea mzigo. Mungu amubariki kwa kukataa kusema neno ambalo hakupewa kulisema. Sasa hakuna mutu wa kutusaidia kukimbia.

Enda ku ile ofisi. Waambie waniombee kibali. Na mutoto umwambie ukweli mbele sijafika, asinione kama mzuka.

Jeannette


Mabamba
11 Mei 2025

Mama Nadège,

Nimejitahidi kumkumbuka mteja yule wa mafungu mawili. Uso hauji. Nisamehe na hilo pia.

Afisa wa ustawi anaitwa Omary. Ni kijana mtaratibu. Alikuja nyumbani mara mbili, akakagua anapolala mtoto, akaongea na mwalimu wake, akaongea na Bazilio peke yake na mimi peke yangu. Barua zako nilimwonyesha. Alizisoma zote, akaomba ruhusa kuandika kwenye taarifa yake kwamba kila mmoja wetu amekiri kosa lake kabla hajaulizwa na mahakama. Nilimwambia aandike.

Mtoto tulimwambia Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, Bazilio akiwepo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipofika katikati alinikatiza.

"Ulimwona akifa?"

Nikasema hapana.

"Sasa ulijuaje?"

Alichukua sahani yake akaenda kukaa karibu na Bazilio. Siku tisa hakuniita mama. Aliniita "wewe". Ukimtuma anakwenda, ukimpa chakula anakula, lakini hata nywele alikwenda kusukwa kwa jirani. Nilitaka kukasirika, Bazilio akaniambia nimwache, ni haki yake. Siku ya kumi alikuja jikoni akasimama, akauliza unafananaje. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuona mara moja ukiwa mgonjwa sana na mara ya pili sikukutambua. Akafikiri. Akasema basi inabidi aende akaone mwenyewe.

Mahakama ya watoto ni tarehe 5 Juni, hapa Kibondo. Omary amewaandikia wakuu wa kambi na kibali chako kitatoka, amenihakikishia. Mimi nitakuwa getini tangu saa mbili. Nitavaa kitenge cha kijani ili safari hii unitambue wewe, maana mimi ndiye nisiyeaminika kwa kutambua sura.

Nakushukuru kwa yale makali uliyoyapanga na hukuyatuma.

Immakulata


Kambi ya Nyarugusu
22 Juni 2025

Mama Immakulata,

Ulikuwepo, lakini nataka kuiandika hata hivyo, ibaki mu karatasi.

Nilikuwa nangoja jumba la kutisha. Ilikuwa chumba kidogo tu na meza, hakimu hana joho, na mutoto alipewa kiti sawa na cha kwetu. Huyu hakimu alianza kwa kusema kwamba hili anaweza kulisikiliza, ni kazi yake. Nilikutazama, nawe ukanitazama, nikajua tunawaza mutu mmoja, ule hakimu aliyekukatalia. Alimuchukua mutoto wakaongea bila sisi. Aliporudi aliniuliza mimi nataka nini. Nilikuwa nimekariri maneno kumi. Nikasema nataka anijue, na nataka huyu mama asiandikwe kama mutu baki. Wewe ulipoulizwa ulilia, na yeye akaandika hata kile kilio, nilimuona.

Aliamua hivi: mutoto amalize mwaka Mabamba kwenu. Likizo zote akuye kwangu. Mwezi wa kumi na mbili Omary alete taarifa mupya, mahakama itazame tena, na mutoto aulizwe tena. Hakuna aliyepewa yote. Nilipotoka nilihisi kama nimepewa yote.

Sasa habari za hapa. Siku ya kwanza alikaa ku kitanda na begi mapajani, kama mutu anayengoja gari. Siku ya pili aliniuliza choo iko wapi. Siku ya tatu tuligombana juu ya maharage. Hapa tunapewa maharage, nikamwambia mu nyumba hii tunakula, akaniambia kwao Mabamba anaachiwa mchuzi. Nikamwachia mchuzi. Usifurahi sana, nilijua ni wewe ulimuharibu.

Anaandika hesabu ya mandazi yangu yaliyouzwa, ku mulango, kwa chaki, na mukono ule wa kushoto. Mimi ananiita Maman Jeannette. Wewe ni Mama tu. Iliniuma siku mbili, sasa haiumi kila wakati. Nikimwita Nadège anaitika. Nikimwita Akimana anaitika haraka zaidi.

Juzi tulikuwa tunachambua mchele. Akaniuliza siku ile ya soko, nilishamusimulia, kwa nini sikufika mpaka kwenu. Nilijua swali litakuya, na nilikuwa na majibu mengi. Nikamwambia niliogopa. Akaendelea kutoa mawe moja moja. Kisha bila kunitazama akasema:

"Ukija tena, uje mpaka nyumbani."

Nilisema nitakuya. Nilikwenda nje kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Maman, nakushukuru kwa mutoto anayejua kuuliza. Ningemulea mimi mu zile vita na zile barabara, labda angejua kunyamaza tu. Likizo inaisha karibu. Naomba ukuye kumuchukua wewe mwenyewe, usitume mutu.

Jeannette


Mabamba
29 Juni 2025

Mama Nadège,

Amahoro. Nakuja mwenyewe. Kumbe na mimi nahitaji kibali kuingia kambini kwenu. Nilipanga foleni siku nzima, nikajazishwa fomu mbili, nikajua unavyoishi. Kimetoka. Ni Jumamosi hii, tarehe 5 Julai, na Bazilio anakuja.

Nyumba imekuwa kimya. Nimelima palipoachwa, nimefua vyote vinavyofulika. Mchana nikipika napakua sahani tatu, Bazilio anairudisha ya tatu. Nalia kidogo, halafu naendelea na kazi. Si kilio kibaya. Mwanzoni nilikuwa naye, lakini nikimwogopa kila mgeni aliyepita njiani. Sasa hayupo, na siogopi mtu.

Juzi Ijumaa nilikwenda mjini, nikapita pale mahakama ya mwanzo. Nilisubiri mpaka hakimu akatoka kwenda kula. Nikamwambia nimekuja kumshukuru. Alinitazama vizuri, hakunikumbuka. Akaniuliza kama alinipa haki kwenye shauri langu. Nikamwambia hapana, aliliondoa. Akashangaa, akauliza basi namshukuru kwa nini. Nikamweleza kwa kifupi, tumesimama juani: wewe, mimi, mtoto, ile karatasi aliyokataa kuiandika, ile aliyoiandika. Alisikiliza yote. Akasema wiki hiyo peke yake ameondoa mashauri manne ya namna hiyo, na watu wote wanne wametoka wakimlaani, na hajawahi kujua walifika wapi. Aliniomba nirudie jina la mtoto. Nikamtajia yote mawili. Akaniaga akaenda zake, nikaona ametembea taratibu kuliko alivyotoka.

Nakushukuru kwa mihogo yangu uliyoila kwa uchungu na hukunichukia. Nakushukuru kwa kulipokea kosa langu na kunionyesha la kwako, maana peke yangu ningelishindwa kulibeba.

Jumamosi usinipikie kama mgeni. Nipe kazi, nikae nikichambua chochote. Gari letu la kurudi linaondoka saa nane, lakini ukweli ni kwamba siku ile ya kwanza walikupakia haraka na hukupata kumuaga mtoto wako. Safari hii muagane mpaka mmalize. Mimi nitakuwa nje ya mlango, sitaita. Gari likituacha, litatuacha.

Mama mwenzako,
Immakulata Ndayikunda